Nilivyoingia Kwaya ya Baba Mkwe Nikiwa Ndani ya Tyubu

Leo nimeaibika mbele ya baba mkwe.

Sisemi aibu ya kujikwaa, ama ya kusahau jina la mtu. Nasema aibu ya kutolewa majini na mzee wa kanisa, kaptura imepasuka, kwaya nzima ikiangalia. Naandika haya nikiwa nimekalia upande mmoja, kwa sababu ule mwingine una alama za mawe ya mto Thuci. (Mnaonijua mnajua upande wenyewe si mdogo. Mawe yalipata kazi.)

Wacha nianze mwanzo, ndio mnihurumie vizuri.

Kwa wasionijua, naitwa Wawira. Niko Siakago, nina duka la dawa za mifugo. Mume wangu alikuwa Njeru, fundi wa tairi pale Ishiara. Tulimzika mwaka jana. Ilianza na homa tu. Tukasema ni malaria, tukasema itapoa, haikupoa. Hapo sitaandika zaidi.

Njeru alikulia karibu na mto. Yeye na vijana wenzake walikuwa wanachukua tyubu za lori, ile mipira ya ndani ya tairi, wanaijaza upepo, wanakalia katikati, halafu mto unawabeba kutoka juu mpaka karibu na daraja. Alikuwa akisimulia hizo habari mpaka chai inapoa mkononi. Na alikuwa amemwahidi binti yetu, Rwamba: "Ukifika gredi ya sita, Agosti shule zikifungwa, nakupeleka mtoni na tyubu. Wewe na mimi. Mama atabaki ukingoni akipiga makelele."

Rwamba sasa yuko gredi ya sita.

Juzi jioni nilikuwa nachagua maharagwe. Akaniuliza bila kuniangalia, "Mama, kwani na ile safari pia ilikufa?"

Nikamwambia, "Haijakufa."

Nikaendelea kuchagua. Nilitupa maharagwe nikaacha mawe ndani ya sufuria. (Tulikula hivyo hivyo. Hakuna aliyelalamika.)

Basi nikaanza kupanga. Nikafungua grupu kwa simu, nikaliita Safari ya Mto. Nikaingiza marafiki, mabinamu wa Njeru, hata wale waliokuwa wakielea naye zamani. Wueh! Furaha ilikuwa hiyo! Mioyo, makofi, watu wanauliza kama watakuja na mbuzi wa kuchoma. Halafu nikaandika tarehe.

Hapo udhuru ukaanza.

Mmoja anajenga. Mwingine mgongo. Mwingine akasema daktari amemkataza baridi, na huyo mtu anaishi Ishiara, mahali hata kivuli kina joto! Mmoja akaniandikia pembeni: "Wawira, unisamehe. Siwezi kuuona huo mto bila yeye." Huyo peke yake ndiye sikumkasirikia.

Akabaki Karimi. Karimi ni fundi wa nguo, duka lake na langu ni ukuta mmoja. Ni mzaliwa wa Maua, na mambo ya mito yetu hayamhusu hata kidogo, lakini tangu msiba hajawahi kuniacha nifunge duka peke yangu. Husimama pale na kufuli lake mkononi, anajifanya anatafuta ufunguo, mpaka nimalize.

"Nitakuja," akaniambia. "Lakini mimi na maji tunajuana kwa beseni. Nitakushikia nguo."

Tukakubaliana leo twende tupime. Mtoto nitamwekaje kwa kitu ambacho mimi mwenyewe sijakikalia? Asubuhi nikamwacha Rwamba kwa jirani, nikamwambia naenda Ishiara sokoni.

Sasa, nguo. Mimi sina nguo za kuingia mtoni. Nina marinda ya kanisa, marinda ya duka, na marinda ya kulima. Nikafungua ule mfuko wa nguo za Njeru. Upo chini ya kitanda, nimeshaambiwa na kila shangazi niugawe, na kila mara nasema wiki ijayo. Nikatoa kaptura yake ya kuchezea mpira, ya kijani, yenye mstari mweupe pembeni. Nikaivaa. Haikupita. Nikavuta pumzi. Ikapita. (Kutoka hapo sikupumua vizuri mpaka saa nane.) Juu nikajifunga leso, nikawa mtu wa heshima tena.

Tyubu yake ilikuwa nyuma ya nyumba, imetundikwa kwa msumari chini ya mabati. Ilikuwa imelegea lakini haikuwa tupu. Nikaibonyeza na kidole, ikanirudishia kidogo.

Mwenye bodaboda alipotuona alizima pikipiki kabisa. Akauliza, "Mama, hii ni mzigo ama ni abiria?"

Tulimvalisha Karimi. Ilimpita kichwani ikakaa mabegani kama kola ya padri. Njia yote mpaka Ishiara watoto walikuwa wanatukimbilia.

Tulipofika tukaenda pale kwa tairi kuongeza upepo. Siku nyingi nilikuwa nimepita hapo nikiangalia upande mwingine wa barabara. Ireri, aliyekuwa akifanya kazi na Njeru, alikuwa ameinama kwa gurudumu la trekta. Akainuka, akaniona, akaona tyubu. Akafuta mikono kwenye ovaroli muda mrefu kuliko uchafu wenyewe.

"Mama Rwamba."

"Ireri."

Akaigeuza tyubu, akapata kile kiraka cha zamani, akakipapasa. Alijua ni kazi ya nani, na mimi nilijua, na Karimi naye alijua maana ghafla alianza kuangalia mawingu. Ireri akashika kile kichuma cha kuingizia upepo. "Hii imekaa sana. Nitoe huu wa zamani nijaze mwingine?"

Sijui ni nini kilinipata. Nilipaza sauti mpaka wenye maduka wakageuka. "Usitoe!"

Akanitazama.

"Ongeza tu juu yake," nikasema.

Akaongeza juu yake. Alipomaliza akaifunga vizuri, akaipiga kofi moja kama mtu anayempiga rafiki mgongoni, akarudi kwa trekta yake.

Tukashuka mtoni kwa miguu, mimi mbele, tyubu katikati, Karimi nyuma akilaumu viatu vyake. Mto umepungua wakati huu, mvua ilikatika zamani. Maji ni ya kijani, yanapita katikati ya mawe bila haraka, na pande zote ni mashamba ya muguka, ile miraa yetu ya kutafuna majani, na sauti za pampu za kunyunyizia. Nikaangalia. Nikaona panafaa. (Hapa ndipo mtu mwenye akili angeuliza wenyeji. Mimi niliuliza Karimi wa beseni.)

"Mamba je?" akauliza Karimi.

"Mamba wako Tana, chini kabisa."

"Na wao wanajua hivyo?"

Nikavua leso nikampa. Nikaweka tyubu majini. Nikajigeuza, nikalenga, nikakaa.

Jamani.

Lile shimo la katikati lilikuwa linatosha Njeru. Njeru alikuwa mtu mwembamba. Mimi niliingia kiuno, nikaingia zaidi, halafu nikafika mahali ambapo siwezi kushuka wala kupanda. Magoti yalikuwa karibu na masikio. Mikono ilikuwa inapiga hewa. Na chini, ile sehemu niliyotaja mwanzo ilikuwa imetokeza upande wa pili kama mzizi.

"Karimi, nivute."

"Nivute kutoka wapi? Sioni mahali pa kushika!"

Alipokuwa anatafuta mahali pa kushika, mto ukanichukua.

Haukunichukua kwa nguvu. Ulinichukua polepole, kama mtu anayesogeza kiti. Na tyubu ikaanza kuzunguka. Naona Karimi, naona muguka, naona ng'ambo, naona Karimi tena, sasa anakimbia ukingoni na leso yangu na mkoba wangu na viatu vyake mkononi.

"Shika mti!"

"Mti gani?"

"Wowote!"

Nikashika jani. Nikaenda nalo. Jiwe la kwanza likanipata. Nikasema kitu ambacho sitaandika hapa. Jiwe la pili likanipata palepale. Nikanyamaza, nikaona niwekeze nguvu kwa maombi.

Nataka niseme ukweli hapa, hata kama ni kisa cha kuchekesha. Kuna mahali kidogo mto unatulia, hakuna mawe, miti imekutana juu. Karimi alikuwa amebaki nyuma, sauti yake imepotea. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Nikaegemeza kichwa nyuma kwa ile raba. Nikaelewa kwa nini chai ilikuwa inapoa. Nikamwambia kwa sauti, kwa Kiembu, mambo fulani ambayo ni yetu sisi wawili. Nililia pale. Wanaosema kulia kunaondoa uzito wa mwili wajue bado nilikuwa nimekwama.

Halafu nikasikia kuimba.

Kwa kweli nilifikiri nimekufa. Sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, zimepangika, zinatoka mbele yangu baada ya kona. Nikasema basi, mtoto amebaki kwa jirani na sijamwambia ukweli naenda wapi.

Nikapiga kona.

Haikuwa mbinguni. Ilikuwa kwaya. Kwaya nzima ya kanisa la Ishiara, wamevaa majoho ya zambarau, wamesimama juu ya mawe makubwa wakiyumba kushoto na kulia, na kijana mpiga video amekunja suruali, yuko katikati ya mto na kamera. Walikuwa wanarekodi. Wimbo wenyewe ulikuwa wa kuvuka mto na kuwakuta wapendwa waliotangulia. Na mimi hapo naja, magoti yameelekea mawinguni.

Sasa sikilizeni vizuri. Mstari wa nyuma, upande wa besi, alikuwa amesimama baba mkwe wangu. Mzee Mbogo, babake Njeru.

Mkwe kwetu si mtu wa kuchezea. Tangu niolewe sijawahi kukaa kwa kiti alichokalia, wala kupita mbele yake bila kitambaa kichwani. Na tangu tumzike Njeru tumekuwa tukikutana tunaongea habari ya mvua. Ikinyesha tunasema imenyesha. Isiponyesha tunasema haijanyesha. Jina la mwanawe sikuwahi kulisikia tena mdomoni mwake. Mama mkwe aliniambia hata kwaya alirudi akawa anasimama tu na joho lake, mdomo umefungwa, Jumapili baada ya Jumapili.

Leo alikuwa anaimba. Macho yamefungwa, kichwa kimeinuka, ile sauti nzito inatoka. Nikaomba mto ugeuke urudi juu.

Haukugeuka.

Soprano wa kwanza akaniona, akakosa noti. Wa pili akamshika wa tatu. Mwalimu wa kwaya, aliyekuwa amenipa mgongo, akawa anapiga kelele, "Endeleeni! Msiangalie maji! Tabasamu!" Mpiga video naye, badala ya kusogea, akanigeuzia kamera. Tyubu ikampita, ikazunguka mara ya mwisho, ikaingia katikati ya mawe mawili na kukaa. Nimeelekezwa kwa kwaya sawasawa. Kama mgeni rasmi.

Wimbo ukafa.

Ungekuwa wewe ungesema nini? Mimi nilisema, "Bwana asifiwe."

Kwaya yote, kwa mazoea, ikajibu, "Amina."

Baba mkwe akafungua macho.

"Mama Rwamba?"

"Ee, baba."

"Ni wewe?"

"Ni mimi, baba."

"Unaenda wapi?"

"Siendi, baba. Nimekwama."

Vijana wa sauti ya tenor wakaanza kushuka. Akawazuia kwa mkono. "Wacheni. Huyo ni wa kwangu." Akaingia majini na viatu vyake vyeusi vya kanisa, joho likielea nyuma yake. Akanipa mkono, uso ameuelekeza mbali. Akavuta. Nikatoka na tyubu yote, kama kofia. Ikabidi vijana wawili wa tenor waje wakamate tyubu, na yeye anivute mimi. Wakahesabu. Wakavuta.

Hakuna aliyejua kwamba kile kichuma cha kuingizia upepo kilikuwa kimeshika kaptura kwa nyuma.

Mlio wa kupasuka ulirudi kutoka ng'ambo ya mto.

Nilitoka, ndiyo. Nilisimama kwa miguu yangu, ndiyo. Lakini upepo wa Ishiara nikausikia mahali ambapo sikuwahi kuusikia. Mwalimu wa kwaya akapiga kelele, "Geukeni! Wote geukeni!" Wakageuka, majoho yakageuka, vijana wa tenor wakageuka. Kamera haikugeuka. Baba mkwe tayari alikuwa ameangalia ng'ambo kama askari. Akavua joho lake, akalishika nyuma ya mgongo wake, mkono umenyooka.

"Shika."

Nikavaa. Lilinifika kwa vidole vya miguu. Nilitaka mto uniruhusu niendelee mpaka Tana, kwa wale mamba.

Yeye hakugeuka. Akasema akiwa bado ameangalia ng'ambo, "Hiyo kaptura ni ya Njeru."

Pampu za muguka zilikuwa zinalia mbali.

"Ndiyo, baba."

"Aliivaa akicheza mpira na timu ya hapa. Nilimkataza kucheza Jumapili. Njeru akacheza."

Nikauliza, "Walishinda?"

"Walifungwa vibaya."

Akakaa juu ya jiwe, viatu viko ndani ya maji. Mabega yakaanza kutikisika. Hakuna aliyejua kama anacheka ama analia. Na yangu pia yakaanza, na hata mimi mwenyewe sikujua. Soprano mmoja akaanza kupiga chafya ambazo hazikuwa chafya.

"Baba, nisamehe. Nimeharibu wimbo."

Akafuta uso na kiganja. "Mstari mmoja nimeumaliza. Kwa leo unatosha. Ulikuwa unatafuta nini huku?"

Nikamweleza. Ahadi ya Njeru, gredi ya sita, grupu, watu kukataa, swali la Rwamba pale kwa maharagwe. Nilieleza nikiwa nimesimama mtoni na joho la besi, maji yananitiririka. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na mbona hukuniambia mimi?"

"Niliogopa, baba."

"Mimi pia," akasema.

Halafu akanyoosha kidole juu ya mto. "Huko umeingilia ni kwa mawe. Wao walikuwa wanaingilia kule juu, kwa mchanga. Mamake alikuwa ananituma nimfukuze. Mimi nilikuwa najificha kwa shamba, namwangalia asizame. Hakuwahi kujua." Akakamua upindo wa suruali. "Mtoto akifunga shule, mlete. Nitakaa palepale."

Hapo ndipo Karimi alitokea kichakani, anahema, miiba kwa nywele, leso yangu mkononi. Akaangalia kwaya. Akaniangalia mimi na joho langu la zambarau.

"Wawira," akasema, "umeokoka?"

Sasa hapo kwaya haikuweza kujizuia tena. Hata mwalimu wa kwaya alikaa chini.

Nilifika Siakago jioni nikidhani nitakuwa na nafasi ya kutafuta maneno. Video ilikuwa imefika kabla yangu. Jirani alikuwa ameshaitazama, akaniomba msamaha, akaitazama tena. Ilibidi nimwonyeshe Rwamba mwenyewe, kabla hajaonyeshwa shuleni.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Alipofika pale kwa "Amina" alianguka kitandani. Halafu ikafika pale guka, babu yake, ameangalia ng'ambo, anasema kuhusu kaptura. Akaacha kucheka.

"Mama, irudishe hapo."

Nikairudisha. Akaweka simu karibu na sikio.

"Tena."

Naandika na simu ya Karimi. Yangu sijarudishiwa mpaka sasa. Kwa hivyo mkitumiwa hiyo video, pale kwa kupasuka angalieni kando kama baba mkwe, na mkishindwa kabisa, chekeni polepole. Kuna mtoto chumba cha pili anasikiliza jina la babake.